Nimerudi Safari Shati Likiwa Safi

Leo nimekaa tu toka Tabora mpaka Mwanza, na bado naitwa mchochea moto wa treni.

Sikilizeni, jamani.

Injini yetu ya mvuke imestaafishwa. Tumepewa ya dizeli, ina mbio kama imetumwa.

Asubuhi nimefika stesheni ya Tabora masaa matatu kabla ya safari, kitambaa kichwani, kama siku zote, ili moto uwahi kushika.
Dereva wetu, Mzee Masanja, akanitazama.
"Ndugu yangu, moto gani? Hii inawashwa tu. Kaa hapo."

Nikakaa.

Tukipanda mlima mikono inanyanyuka yenyewe kuchochea. Nairudisha magotini.

Zamani tukifika Mkuyuni, tunaingia Mwanza, Mzee alipiga filimbi kwa mtindo wake. Kila dereva alikuwa na wake. Mke wangu akiisikia kule nyumbani Igogo, anabandika maji yangu ya kuoga.
Leo honi imelia. Za dizeli zote zinalia vilevile.

Nimeingia nyumbani jua bado kali. Mke wangu, Mama Shija, kashtuka.
"Mbona umerudi mapema? Hukusafiri na treni?"
"Nimesafiri."

Akashika kola ya shati langu, akaigeuza, akatafuta masizi. Akabandika maji.

Nikaoga.

Maji yamebaki meupe kwenye karai. Mama Shija kayatazama, kisha kafulia humohumo lile shati safi.

Nyie wenzangu mliohamia dizeli kabla yangu, mikono mnaiweka wapi?