Jina Lisilorithiwa

Katika miaka ile miwa ilipokuwa na bei, ndugu yangu wa Matungu aliipanda mpaka ukutani. Aling'oa migomba, akang'oa na mihogo, akaacha njia moja nyembamba kati ya lango na mlango. Mgeni aliyeifuata alisikia majani yakimsugua mabega kabla hajaliona paa. Malipo ya kiwanda cha sukari yalimletea stima, makochi yenye vitambaa vya kufuma, na kompyuta kubwa ya mezani. Hiyo aliinunua kwa ajili ya binti yake wa kwanza, kwa kuwa binti alikuwa na akili na baba alipenda watu walijue hilo.

Binti huyo na mdogo wake wa kiume waliitumia kutunga mchezo. Dada alichora, mdogo akaandika programu. Ndani yake msichana alivuka ufalme wa miwa ambamo njia hujifunga nyuma ya kila apitaye, akibeba kaa la moto kwenye kigae kumpelekea bibi yake upande wa pili wa msitu. Kila mnyama aliyekutana naye alimuuliza jina, naye hakuwa nalo. Na lango la mwisho halikufunguka ila kwa mwenye jina. Mdogo alipotaka kujua msichana huyo anaitwa nani, dada alimjibu, "Tufike kwanza langoni, nitakwambia."

Hawakufika pamoja. Radi ilimpiga dada mchana, akianua nguo, katika mvua ambayo wengine wetu hatukuona sababu ya kuikimbia.

Sharti nieleze desturi, maana bila hiyo yaliyofuata hayaeleweki. Kwetu mtoto hupewa jina la marehemu wa ukoo. Akilia bila kutulia, wazee hukaa wakamtajia waliotangulia, mmoja baada ya mwingine. Akinyamaza, jina hilo amelipokea, na hakuna awezaye kulibatilisha. Lakini aliyechukuliwa na radi hatajwi. Jina lake hapewi mtoto yeyote, wala hata ndama, na chochote chenye jina hilo hakilali chini ya paa la nyumba. Ndugu yangu alikuwa mzee wa kanisa na alizicheka desturi nyingine zote; hii aliishika. Mke wake, ambaye tangu ujana kijiji kizima kilimwita mama wa binti huyo, au kwa jina la binti peke yake, aliamriwa jioni ya mazishi kwamba sasa ataitikia jina la mwana wa kiume.

Mwana aliendelea na mchezo peke yake. Ulipokaribia kukamilika, rafiki zake wa Kakamega mjini, waliokuwa tayari kuuweka kwenye mtandao, walitaka kujua utaitwaje. Wao walipendekeza jina la Kizungu lenye upanga na damu. Hakulitaka. Alinijia mimi, senje yake, yaani dada ya baba, kwa sababu senje ana sauti katika kutoa majina. Na pia kwa sababu nilifundisha Kilatini katika seminari, jambo ambalo kwake lilimaanisha kwamba sipungukiwi na maneno.

Nilimpa "Ufalme wa Miwa". Nikampa "Njia Ijifungayo".

"Hayo ni ya vitabu vya shule, senje," alisema kwa adabu. "Nikiyaweka, lango halifunguki."

"Wewe unataka lipi?"

"Unalijua."

Nililijua. Nilimwambia kwamba ruhusa hiyo haikuwa yangu kuitoa, bali ya baba yake.

Baba yake alimsikiliza akinawa mikono, wala hakukasirika. "Ni mtoto wako?" aliuliza.

"Si mtoto, baba. Ni mchezo."

"Umeulea mpaka umekosa kazi. Hulali kwa ajili yake. Huyo ni mtoto. Jumamosi tutampa jina kama watoto wengine."

Jumamosi alasiri aliwaita majirani, wakulima wa miwa kama yeye, akachinja kuku. Kasha la kompyuta liliwekwa kwenye kochi, likafunikwa shali ya mtoto mchanga, waya wake ukiwa bado ukutani. Mwana aliamriwa kuketi kando yake na kunywa uji kama mwanamke aliyejifungua. Aliunywa. Nadhani aliamini kwamba, akivumilia, ataruhusiwa.

"Huyu analianga hivi mchana kutwa?" mmoja aliuliza, akiiinamia feni iliyovuma ndani ya kasha.

"Hajashiba. Mama yake hana maziwa."

"Atayatoa wapi? Hebu mwangalieni kifua!"

Ndugu yangu alimtaja babu yetu. Feni ikavuma. "Amekataa," alisema. Akamtaja mjomba aliyekufa kwa ulevi. Feni ikavuma.

"Mtajie yule fahali wako aliyefia mtaroni," mtu alisema, na chai ikamwagika kwa vicheko.

Ndugu yangu alipangusa machozi ya kicheko, akamgeukia mwanawe. "Haya, mzazi. Nawe taja."

Mwana alilitaja jina la dada yake, lote, bila kupaza sauti.

Stima ikapotea. Ilikuwa saa ya mawingu, na msimu ule ilipotea karibu kila alasiri. Nimesomeshwa kutenganisha lililofuatana na lililosababishwa, nami sisemi zaidi. Feni ilipunguza mwendo, ikanyamaza. Ndipo kutoka jikoni mke wa ndugu yangu, aliyekuwa akisonga obusuma, yaani ugali, bila kutuona, akaitika: "Naam?" Alitokea mlangoni, unga mikononi, kutazama ni nani aliyemwita.

Mzee mmoja aliweka mfupa chini. "Amenyamaza," alimwambia ndugu yangu. "Bwana, umempa mtoto jina."

Ndugu yangu angeweza kusema kwamba ulikuwa mzaha. Alimgeukia mkewe. "Nani amekuita? Rudi jikoni," alimwambia, akamwita mama wa yule wa kiume. Kisha akasimama. "Desturi ni desturi. Chenye jina hilo hakilali humu."

Alichomoa waya, akalibeba kasha pamoja na shali yake, akaliweka uani, chini ya kamba ya nguo. Matone ya kwanza yalikuwa yameanza. Mwana alipoinuka, wanaume wawili walimshika mabega.

"Msimtoe," baba yake alisema. "Mleteni dirishani aone."

Mvua ilinyesha mpaka jioni. Kompyuta haikuwaka tena. Rafiki za mjini hawakuwa na nakala, kwa kuwa mwana hakutaka mchezo uonekane kabla haujapata jina. Alihamia Kakamega, akaajiriwa katika duka la kupiga chapa, wala hakutunga mwingine. Mama yake, akiitwa kwa jina la mwana huyo, haitiki.