Supu ya Mzee Thurlow

"Hester, mkweo kafuga jini kwenye chupa, na sasa jini limemfuga yeye," Bi Rudkin alisema juu ya ukuta wa uani, pini za nguo mdomoni. "Mume wangu anafagia huko maabara, kaona kwa macho yake. Chai ikija, fundi mzima anageukia ukutani!"

"Labda chai yenyewe mbaya."

"Haya, cheka tu."

Hester alicheka, lakini moyo haukucheka. Tangu mumewe afariki, alikaa na mwanawe Edie kwa baba mkwe, Amos Thurlow, mpuliza vioo wa maabara ile. Siku hizi mzee alikula chumbani kwake, mlango kaufunga.

Adhuhuri alimpelekea supu ya njegere kazini, Edie akiwa mgongoni. Chumba cha maabara kilikuwa giza, madirisha yamefunikwa. Mezani ilikuwapo chupa ndefu aliyoipuliza mzee mwenyewe, na mwishoni mwake kitone cha mwanga wa kijani. Mzee alisogeza sumaku, kitone kikahama. Edie akanyoosha mkono.

"Kinaitika, eh, bibi mdogo?" mzee alisema. "Wakubwa wa hapa wanasema mle chupani mnapita vijipande vidogo kuliko kitu chochote. Ila hewa ikibaki, vinapotea njia. Ndiyo maana nashinda nikinyanyua zebaki ya pampu, juu, chini, niitoe hewa yote."

"Na chupa ikipata ufa?"

"Basi. Kazi ya msimu mzima imekwenda. Kesho naunganisha ile chupa kubwa."

Hester akammiminia supu.

"Iache hapo. Nenda nyumbani, mama."

"Siondoki mpaka ule."

Mzee alitazama mlango. Hester alikuwa amesimama mbele yake. Nyuma kulikuwa na pampu. Akashika kijiko. Kikagonga bakuli, kikagonga tena, supu ikamwagikia shatini kabla haijafika mdomoni.

Hester alielewa: zebaki ilikuwa imemwingia mwilini. Miaka yote mafundi waliisafisha kwa kuikamua katika kipande cha ngozi ya mnyama, mikono mitupu, wakitaniana nani ana vidole vya fedha.

"Tangu lini, baba?"

"Tangu baridi ianze. Nikiegemeza viwiko mezani, mikono inatulia. Ilikuwa inatulia."

"Mwambie bwana mkubwa."

"Nikisema, watatafuta fundi mwingine, na nyumba tunayokaa ni ya kazi hii, Hester. Wewe na mtoto mtalala wapi? Nisiposema, kesho naivunja chupa mbele yao. Huku ukuta, kule ukuta."

Edie, kwa kuona kijiko, aliachama kama kifaranga. Mzee akatabasamu. Kisha akamtazama mtoto yule, tabasamu likafifia, naye akasukuma bakuli mpaka kwa Hester.

"Huyu haoni haya kulishwa. Nilishe nami kwanza, mwanangu," alisema. "Halafu unishike mkono, twende nikamwambie bwana mkubwa."