Miezi Baba Alipokuwa Ruksa

Serikali ilikuwa imefungulia biashara, nchi nzima ikawa ruksa isipokuwa boma letu. Mjini Arusha mitumba ilimwagwa chini kila asubuhi, maduka ya dawa yaliota kila kona, na watu ambao jana walikuwa makarani wa serikali leo walikuwa wanabeba watalii. Sisi, huku magharibi ya Mlima Meru, tulikuwa na baba. Mama aliomba mlango wa jiko ugeuzwe moshi usimwue: hapana. Kaka yangu aliomba redio: hapana. Mimi kitinda mimba, binti mwenye mdomo kuliko wote, niliomba nikasome utalii kwenye chuo cha binafsi mjini, nikae kwa shangazi, mtaa wa Elerai. Hapana ya siku hiyo nadhani waliisikia hadi Kikatiti, upande wa pili wa mlima.

Kwa mbuzi tu ndiko alikokuwa mpole. Mbuzi akizaa kwa shida, baba alikunja mikono ya shati, akaingiza mkono mtupu, akamtoa mtoto na kumpulizia puani mpaka apige chafya. Kondo la nyuma likikwama, alilivuta kwa vidole vilevile, akajifuta kwenye majani, akaja kunywa chai. Majirani walimwita yeye kabla ya kumwita bwana mifugo, na jambo hilo lilimvimbisha kichwa sana.

Mwaka ule mbuzi wengi walitupa mimba, na baba aliwahudumia wote. Baada ya wiki chache akaanza homa: inakuja jioni, inamlowanisha jasho, inaondoka. Tukasema malaria. Alimeza vidonge vya malaria mpaka muuza dawa akawa anamsalimia kama mkwe. Kiuno kikamuuma, tukasema uzee.

Kisha, bila taarifa, baba naye akawa ruksa.

Kaka ndiye aliyegundua. Aliomba tena redio, kwa mazoea tu, na baba akaitikia kwa kichwa: "Sawa, sawa." Mama akajaribu mlango wake: "Sawa, sawa." Wazee wa usharika walikuja kuomba dume la ng'ombe kwa ajili ya paa la kanisa, wamejiandaa kwa maneno ya saa nzima, baba akawakubalia kabla hawajafika kwenye ombi. Jumapili mchungaji alisema madhabahuni kwamba Mungu huyeyusha hata mawe. Mama alilia kwa furaha. Sisi watoto hatukuwa na muda wa kulia, tulikuwa tunapanga foleni.

Zamu yangu ilifika asubuhi moja kwenye zizi la mbuzi. Niliinamisha kichwa, baba akakigusa, ndivyo tunavyosalimiana kwetu, na salamu hiyo haimlazimu mtu kusikia chochote. Nikamwaga hotuba yangu yote ya chuo. Mama alikuwa pembeni anakamua, shahidi kamili.

"Sawa, sawa, mwanangu," akasema baba.

Akanigeuzia mgongo na kuanza kufunga kamba. Nikasema, "Asante, baba." Kimya. Nikasema kwa sauti, "Baba, asante sana!" Nilikuwa hatua tatu nyuma yake. Mbuzi walinitazama. Baba hakugeuka.

Nilijua palepale. Sitaki kujisafisha: nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilielewa vizuri kabisa kwamba baba yangu hasikii. Mama alikuwa ameshachukua ndoo ya maziwa na kwenda zake. Nikimwambia, atampeleka hospitali, akipelekwa atapona, akipona, kwaheri chuo. Nikajiambia nitasema nikishajiandikisha. Nilipojiandikisha, kwa ada ya fedha za maziwa za mama, nikajiambia nitasema muhula ukiisha. Kule Elerai nilikariri majina ya ndege kwa Kiingereza na nililala usingizi mzuri tu, na jambo hilo bado linanichukiza.

Likizo ya kwanza nilimkuta baba anatembea ameshikilia ua wa boma. Miguu ilimpeleka kushoto alipotaka kwenda kulia. Kijijini walishasema anakunywa gongo, mtu ambaye hata mbege ya harusi, pombe ya ndizi tu, alikuwa anaipitisha kwa jirani. Wazee wa usharika, walewale waliolichukua dume lake, walikuwa wanazungumzia kumtenga. Hapo nilishikwa na hasira, na nusu ya hasira hiyo ilikuwa juu yangu mwenyewe.

"Mama," nikasema, "baba halewi. Baba hasikii."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ya zizini."

Mama alinitazama kwa muda. Sijawahi kutazamwa hivyo tena. Halafu akasema, "Vaa viatu, twende."

Daktari alikuwa mama mmoja mwenye haraka. Alimuuliza baba anaumwa nini, baba akatabasamu: "Sawa, sawa." Daktari akaacha haraka yake. Akatuuliza sisi: Mnafuga? Mbuzi wanatupa mimba? Nani anawazalisha? Tulipomwelezea ule mkono mtupu, akafumba macho kidogo. Wakachukua damu, wakachukua na maji ya uti wa mgongo. Kumbe ugonjwa uliowafanya mbuzi watupe mimba humwingia na mtu, kwa michubuko ya mikono na kwa maziwa mabichi, na kwa baadhi ya watu huenda hadi kwenye mishipa ya fahamu. Kwa baba ulikuwa umeshika mishipa ya masikio na ile inayomsimamisha mtu wima. Angepigwa sindano na kumeza vidonge kwa miezi.

"Miguu itarudi," daktari alisema. "Masikio, mngekuja mapema ingekuwa vizuri zaidi."

Mama hakunitazama. Niliona afadhali angenitazama.

Miguu ilirudi kweli. Sikio la kushoto lilirudi kidogo, la kulia halikurudi kabisa. Mwisho wa likizo iliyofuata, baba akiwa anamaliza dozi, nilikaa naye nje ya nyumba, nikaandika kwenye daftari: Baba, siku ile zizini nilijua hukusikia. Nilinyamaza ili niende chuo. Nisamehe.

Alisoma kwa kidole, polepole, kama anavyosoma Biblia.

"Hata mimi nilijua sisikii," akasema kwa sauti kubwa, maana hakujua tena kuipima. "Niliona aibu. Ukimkatalia mtu, anarudia kuomba. Ukimkubalia, anaondoka."

Nililia. Nikaandika tena: Nisamehe.

"Nimekusamehe. Kwani siku ile uliomba nini?"

Miezi yote hiyo hakujua. Alidhani nimekwenda mjini kumsaidia shangazi kazi. Nikaandika. Alisoma, akasoma tena.

"Ningekataa," akasema, boma zima likasikia.

Nikaitikia kwa kichwa kwamba najua.

Kesho yake alinisindikiza mwenyewe hadi barabarani, begi langu begani kwake, miguu imenyooka, akimwambia kila tuliyepishana naye kwamba binti yake anakwenda chuo na yeye hajakubali.