Kwelea kwenye Sahani ya Jirani

Nilimchukia jirani yangu kwa sababu ya sahani. Alikuwa mzee mstaafu, mpole wa kuudhi, na kila asubuhi aliijaza chenga za mchele ile sahani ya bati aliyoipigilia juu ya mti aliouchimbia chini, hatua tatu tu kutoka kwenye ua unaotutenganisha. Upande wetu mama yangu alikuwa amepanda mistari minne ya mtama. Ndege wakimaliza kwake, wanahamia kwetu.

Mama alikulia juu ya dungu la kulindia shamba, bondeni chini ya Matombo, akiamia ndege kwenye mpunga wa baba yake kwa kombeo na makelele. Baba yangu alipofariki nikamleta mama mjini, akaniambia yeye hali vya bure. Mtama ule ndio ungekuwa kazi yake. Akawa anakaa kwenye kigoda mlangoni, na wale ndege wakianza tu kelele zao anatangaza: "Kwelea hao, wamerudi!" Sikuhitaji ushahidi mwingine.

Nikamwendea jirani. Shikamoo nilimpa, adabu ni adabu, lakini hata marahaba yake sikuingoja. Nikamwambia anafuga wezi.

"Mwanangu, hapa hakuna kwelea," akasema. "Wale ni shomoro na majike ya mnana. Wote wana rangi ya udongo, ndiyo, ila tazama mdomo. Wa kwelea ni mwekundu kama pilipili."

"Mwenye macho haambiwi tazama," nikamkata. "Mama yangu kafukuza kwelea tangu utotoni. Wewe umewasoma kitabuni."

Hakukasirika, na hilo likanipandisha hasira zaidi. Akasema mama aje amwonyeshe kwelea mmoja tu, mti ataung'oa kwa mikono yake.

Kwanza nilichungulia mwenyewe, asubuhi tatu mfululizo. Ndege mdogo, kahawia, michirizi mgongoni; mwingine hivyo hivyo; na mwingine. Nilitafuta mdomo mwekundu mpaka shingo ikaniuma, nisiuone. Nikajiambia langu ni jicho la mjini, la mama ni la shamba.

Jumamosi nikamshika mama mkono hadi uani. Moyoni nilikwisha kushinda, hata maneno ya kumsimanga yule mzee nilikuwa nimeyapanga. Alikuwa amesimama upande wake anatungoja. Tulipokaribia, ndege wote wakaruka. Nikafungua mdomo kusema tungoje kidogo, watarudi.

Mama akanyoosha kidole. "Yule pale," akasema. "Anadonoa. Mdomo mwekundu kabisa, bwana. Humwoni?"

Sahani ilikuwa tupu.

Nikamgeukia mama, nikamtazama machoni kwa karibu. Mboni zote mbili zilikuwa na ukungu mweupe. Nilitamani ardhi inimeze. Jirani aliitazama sahani, akamtazama mama, kisha akanitazama mimi.

"Nimemwona, dada yangu," akasema. "Kweli, ni kwelea. Umenishinda."

Akaenda kuchukua jembe, akaung'oa ule mti palepale. Mama alirudi kwenye kigoda chake akicheka, akaniambia wazee wa siku hizi hawajui ndege. Nilimwitikia. Nilimchukia yule mzee siku ile kuliko siku zote, na bado sijamsamehe: alimtazama mama yangu mara moja tu, akajua. Mimi nilikuwa nimekula naye sahani moja mwaka mzima.