Sindano Niliyoikataa Kisiwani

Siku yangu ya kwanza ya kazi, pale hospitali ya Utete, sikumgusa mgonjwa hata mmoja. Dresa Mkuu, mtu mrefu mwenye kaptula nyeupe iliyopigwa pasi ikasimama, aliniweka mbele ya jiko la mafuta ya taa akanipa sufuria ya sindano za kioo. Nizichemshe, nizitoe kwa koleo, nizipange kwenye trei. Nilipojisahau nikashika ncha moja kwa kidole, hakunigombeza. Alizirudisha zote sufuriani akasema, "Anza upya." Nikaanza upya.

Enzi hizo za Mwingereza, dresa alikuwa mtu aliyefundishwa kazini: kuosha vidonda, kufunga bendeji, kuchoma sindano. Tulijifunza kwa kutazama na kukaripiwa.

Miaka michache kabla ya Uhuru, Bwana Daktari wa Wilaya alirudi kutoka likizo kwao na dawa mpya iitwayo haidrokotizoni. Ilikuwa kwenye vichupa vidogo, nyeupe kama tui, na ilibidi uitikise vizuri kabla ya kuivuta, maana unga wake ulituama chini. Haikuwa dawa ya kuua vijidudu. Kazi yake ilikuwa kutuliza uvimbe, na ilichomwa pale pale panapouma.

Wilaya yetu ilikuwa na kazi tele kwa dawa hiyo. Wakata mikoko walikuja na mabega yaliyoganda kwa kubeba boriti matopeni, mtu hawezi kuinua mkono hata kuvaa kanzu. Wanawake wa bondeni walikuja na viwiko vilivyochoshwa na mchi na jembe. Na kulikuwa na kidole kinachonasa. Kano, ile kamba inayokunja kidole, hupita ndani ya ala yake kama kisu. Ala ikivimba, kano hukwama, na kidole kikishajikunja hakikunjuki mpaka ukivute kwa mkono wa pili.

Bwana Daktari alinifundisha kwa Kiswahili chake cha polepole. "Usichome ndani ya kano, itakatika. Na kabla ya yote, gusa kwa mgongo wa mkono. Kama pana moto, weka sindano chini. Ndani mna usaha, au unakuja. Dawa hii itamdanganya mgonjwa. Ataona nafuu, na usaha utapanda mkono mzima."

Baadaye nikahamishiwa zahanati ya kisiwa kimoja cha delta, pale mto unapoingia baharini. Mabega Bwana Daktari aliyachoma mwenyewe alipokuja kwa mashua ya injini. Viwiko na vidole aliniachia miye.

Mgonjwa wangu wa kwanza kisiwani alikuwa Shomari, mkubwa wa wakata mikoko, mtu wa maneno machache na mikono kama makasia. Kidole chake cha kati kilinasa kila aliposhika shoka. Nikamchoma, na haukupita muda mrefu kidole kikafunguka. Shomari aliwaonyesha watu msikitini, akikikunja na kukikunjua. Tangu siku hiyo, kila mwenye maumivu aliitaka sindano nyeupe.

Msimu uliofuata akarudi, asubuhi, amekumbatia mkono kifuani. Nyuma yake alikuwa mkewe, Bi Mwanaidi, na nyuma yao wakata mikoko wenzake, wakajaa barazani.

"Ni kile kile kidole, Bwana Dresa," alisema. "Nichome, nirudi kazini."

Nilipeleka mgongo wa mkono wangu. Kiganja kilikuwa cha moto. Kidole kimevimba chote, kimejikunja nusu, na nilipojaribu kukinyoosha kidogo tu, Shomari aliuma midomo na jasho likamtoka usoni.

"Kuna kitu kimekuchoma?"

"Hamna."

"Mwambie," Bi Mwanaidi alisema.

Shomari akageukia ukuta.

"Alichomwa na gamba la chaza," mkewe akasema. "Anaficha kwa kuwa anajua hutamchoma sindano yako."

Nikamweleza Shomari kuwa huu si ugonjwa ule wa kwanza. Usaha ulikuwa umeingia ndani ya ala ya kano, ambako hauna pa kutokea. Nilimchoma penisilini, lakini hiyo peke yake isingetosha. Ilibidi apasuliwe Utete, siku hiyo hiyo.

"Utete ni mbali," alisema Shomari. "Dawa unayo kabatini. Mara ya kwanza ulinichoma, mara hii unaninyima. Nimekukosea nini?"

Barazani wakaanza kunong'ona. Mtu mmoja akatoka, akarudi na Jumbe, aliyekuwa mkubwa wa serikali pale kisiwani. Jumbe aliketi kwenye kiti changu bila kukaribishwa.

"Dresa, mchome mtu huyu."

"Siwezi, Jumbe. Nikimchoma, ataukosa mkono. Huenda na roho."

"Na akifia njiani?"

Dirishani niliona maji yameanza kupwa mkondoni. Tulikuwa na muda mfupi. Yakishakauka, mtumbwi ungelala kwenye tope hadi maji yajae tena. Niliingiza mkono mfukoni. Ufunguo wa kabati ulikuwa humo, na nakiri kwamba niliushika. Kumchoma ingekuwa rahisi. Wote wangeondoka wakinisifu.

"Ukikataa na akafa," Jumbe alisema, "kisiwa hiki hutakaa."

"Sawa, Jumbe."

Bi Mwanaidi ndiye aliyemaliza shauri. Alisimama, akakaza kanga kiunoni. "Jumbe, kwa heshima yako, mume ni wangu. Nyie leteni mtumbwi, maji yanatukimbia."

Wawili miongoni mwa wakata mikoko walipiga makasia bila kunitazama. Mara mbili tulikwama, tukashuka topeni kusukuma, na Shomari amekaa katikati, macho yamefumbwa. Tulipofika Nyamisati, gati ya upande wa bara, wekundu ulioanzia kidoleni ulikuwa umepita kifundo cha mkono. Tulipata lori la boriti hadi Kibiti, na jingine hadi kivuko cha Utete. Kila gurudumu lilipoingia shimoni nilimsikia akivuta pumzi kwa meno. Bi Mwanaidi alikiweka kichwa chake mapajani akawa anamsomea dua. Miye niliutazama ule wekundu ukipanda na kujiuliza kama Jumbe hakusema kweli.

Bwana Daktari alimpasua jioni ile ile. Usaha ulitoka mwingi. Alipomaliza, alivua glavu na kuniambia, "Mkono utabaki. Kidole hapana."

Shomari alipozinduka, aliutazama mkono uliofungwa bendeji, kisha akanitazama. "Ungenichoma," alisema, "ningekuwa na kidole changu."

Hivyo ndivyo kisiwa kizima kilivyoamini. Jumbe hakunifukuza, lakini kwa muda mrefu watu walipitia mbali na baraza ya zahanati. Shomari alijifunza kushika shoka upya, na tukikutana njiani aliitikia salamu yangu akitazama pembeni. Bi Mwanaidi alileta samaki mara moja moja, akawaacha mlangoni.

Miaka ikapita. Siku moja Shomari akaingia zahanati peke yake, akaketi. Bega lake lilikuwa limeganda, kwa kuwa tangu akose kidole mzigo wote aliubeba upande mmoja. Nilimpima, nikaligusa, halikuwa na moto. Nikamwambia asubiri mashua ya Bwana Daktari. Akasubiri. Bwana Daktari alipokuja, alinipa miye bomba la sindano na kusimama kando. Nilipomchoma, Shomari hakulikwepesha bega. Hakushukuru pia. Lakini alirudi kuangaliwa, siku ile ile niliyompangia.

Nimestaafu sasa, na vijana wa zahanati huniuliza siri ya kuchoma vizuri. Nawaonyesha mahali pa kupitisha ncha, nawaeleza habari za ala na kano. Hayo hujifunza upesi. Lililonishinda kuwafundisha ni namna ya kukaa mbele ya mtu anayeumia, dawa anayoitaka iko kabatini, wenzake wamejaa mlangoni, nawe umwambie hapana, kisha upande naye mtumbwini.