Siku Nilipompamba Mgonjwa

Kitambaa cheupe kilicholoweshwa maji ya wanga kina harufu yake kinapokutana na pasi ya makaa. Ni kama uji ulioanza kushika chini, pamoja na moshi kidogo na sabuni ya mche kwa mbali. Niliinusa mwezi uliopita kwenye kibanda cha dobi pale Ukunda, nilikokuwa nimepeleka gauni la kuvaa kwenye kongamano. Nilikuwa nimealikwa kusoma makala kuhusu utu wa mwanadamu, maana mimi ni mtu wa kuandika mambo kama hayo. Nililiacha gauni mezani kwa dobi nikaondoka bila kuaga. Makala niliisoma nimevaa gauni jingine lenye mikunjo, mbele ya wasikilizaji kumi na mmoja, na sidhani kama kuna aliyeona.

Baba yangu angeona. Alikuwa weita katika hoteli ya kitalii Diani, na kwake mstari wa pasi kwenye suruali ulikuwa karibu na nguzo ya dini. Alinifundisha kupiga pasi nikiwa na miaka minane: ukosi kwanza, mikono, kisha mgongo, na vidole viwili vya maji ya wanga wa muhogo. Alikuwa na kanuni moja ya kazi aliyoirudia hadi tukaichoka nyumbani. Mgeni asione shida. Sinia ikikuunguza, tabasamu. Kiatu kikikubana, tabasamu. Nilidhani hayo ndiyo maisha yote ya mtu mzima, na nikajiona niko tayari.

Nilipokuwa na miaka kumi, miguu yake ilianza kufa ganzi. Alilaumu sakafu ya saruji ya jikoni, kisha viatu, kisha chumvi. Asubuhi moja aliita kutoka kitandani, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba mtu amletee miguu yake. Mimi nilicheka. Mama hakucheka.

Daktari alisema kuna uvimbe unaobana uti wa mgongo. Ukitolewa ndani ya mwezi mmoja, huenda akatembea. Ukicheleweshwa, mishipa itakufa. Upasuaji ulikuwa Mombasa, na hospitali ilitaka fedha kwanza, nyingi kuliko zilizowahi kupita mikononi mwa ukoo wetu wote wa Mkongani.

Ndipo kukaitwa mchango. Aliyeusimamia ni Maina, mtu wa bara aliyeuza vinywaji katika baa ya hoteli hiyo hiyo na kumpenda Baba kama ndugu. Wanakamati walikutana uani kwetu alasiri moja, wamekalia mbuzi ya nazi, ndoo na viti viwili tulivyokuwa navyo. Mimi niliwapitishia chai.

"Mama Mejumaa, sikia," Maina alimwambia Mama. "Nimeona harambee mingi. Huyu jamaa aletwe vile ako. Ndevu, blanketi, ule mpira wa mkojo, kila kitu. Tumlaze kwa mkeka pale mbele. Msimpambe. Watu wakiona mtu msafi hawatoi."

Mama alitazama chini, akasema, "Haya, baba." Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na hayo mawili yalimgharimu.

Jumamosi ya mchango, Mama alitangulia shuleni kwetu, ulikofanyika, kupika chai na mahamri. Aliniacha nyumbani na Baba tusubiri pikapu ya hoteli. Maagizo yalikuwa mafupi: nisimguse.

Nilikaa mlangoni nikamtazama. Ndevu za wiki tatu. Blanketi lenye doa. Mfuko wa mkojo ukining'inia kando ya kitanda, rangi ya chai ya rangi. Niliwafikiria watoto wa darasa langu la nne watakavyokuja kusimama pale mkekani wamchungulie. Nikaenda jikoni kuwasha makaa.

Alinisikia nikinyunyiza maji kwenye shati lake jeupe.

"Meju, unafanya nini?"

"Napiga pasi."

"Maina alisemaje?"

Nikamjibu huku nikiangalia ukosi. "Alisema uje nadhifu."

Alijipapasa ndevu. Kisha akasema, "Basi lete wembe."

Sijawahi kufanya kazi nzuri kuliko ile. Nilishika kioo akajinyoa. Nilimvisha shati, kisha suruali nyeusi, ambayo ilinichukua muda mrefu kwa sababu miguu ilikuwa mizito kama magogo yaliyolowa mvua. Mpira niliupitisha ndani ya suruali, na mfuko nikauficha chini ya taulo. Viatu nilivisugua hadi nikajiona. Dereva alipokuja alishtuka, akasema, "Bwana Bakari, leo unafungua hoteli yako?" Baba alicheka. Hakuwa amecheka tangu miguu ife.

Shuleni nilikataa alazwe. Nilisema Baba ameagiza kiti. Nikampandisha mguu wa kulia juu ya wa kushoto, alivyokaa siku zote, na akawa anapokea watu waliokuja kumsalimu kama vile anawaonyesha meza zao.

"Marahaba, mwanangu. Karibu, bibi. Kiti kile kina kivuli."

"Mashaallah," nilimsikia jirani yetu mmoja akimnong'oneza mwenzake, "mbona keshapona? Mimi leo nimemchinjia kuku nani?"

Mgeni wa heshima alikuwa mfanyabiashara wa mbao aliyetoka Msambweni. Alipofika mbele aliangaza macho huku na huku, akauliza mgonjwa ni yupi. Maina akamwonyesha.

"Huyu?" alisema kwenye kipaza sauti. "Huyu amependeza kunishinda mimi niliyeoga."

Watu wakaangua kicheko, Baba naye akicheka. Kisha mgeni akageukia ukuta, na kwa kuwa nilikuwa mfupi na nimekaa chini, niliona vizuri. Alifungua bahasha yake, akatoa noti kadhaa, akazirudisha mfukoni. Kilichobaki katika bahasha ndicho alichokitangaza.

Maina alijua mambo yanaharibika. Jasho likimtoka, alimsogelea Baba, akamwinamia na kumwomba kwa upole, lakini kipaza sauti kilikuwa wazi na sote tulisikia.

"Bakari, ndugu yangu, jaribu kusimama. Watu waone."

Angeanguka, na wangetoa. Kila mtu mzima pale alilijua hilo.

"Niache, Maina," Baba alisema. "Nimekaa vizuri."

Mama alikuwa amesimama kwenye sufuria ya chai, kata ya kutekea mkononi. Hakunitazama mimi. Alimtazama Baba.

Fedha hazikufika hata nusu. Tuliuza minazi ya babu, kisha na ardhi ilimoota, na Baba akapasuliwa wiki tisa baadaye. Uvimbe ulitoka wote. Miguu haikurudi. Daktari alisema pengine mapema ingesaidia. Neno hilo "pengine" nimelala nalo kuliko nilivyolala na mume wangu. Baba aliishi miaka kumi na tisa zaidi, akiuza mabuyu na sigara dirishani, amevaa shati lake jeupe.

Baada ya arobaini yake, nilimweleza Mama ule uongo. Tulikuwa tumekaa mkekani tukichambua mchele. Maungamo hayo nilikuwa nimeyafanyia mazoezi kwa miaka mingi, na nililia kwa ufasaha, kama msomi.

"Alijua," Mama alisema. "Wale wanakamati walikaa chini ya dirisha lake. Alisikia kila neno."

Niliuliza kwa nini basi hakunikataza. Mama alipuliza makapi.

"Nilimuuliza hivyo hivyo. Akaniambia katika watu wote, hakuna aliyekwenda kumuuliza yeye kama anataka kulazwa mkekani."

Nilidhani ningehisi nimetua mzigo. Badala yake nilianza kuhesabu jambo ambalo katika makala zangu zote za utu sikuwahi kulihesabu. Kumgeuza ili mgongo usioze, mara nne kila siku. Kumbeba hadi bafuni. Kumpeleka juani na kumrudisha. Mimi nilikuwa bwenini, kisha chuo kikuu. Ile alasiri ya heshima tuliyojipatia mimi na Baba, kila mmoja akijifanya hajui anachokijua mwenzake, kuna mtu aliyekuwa amesimama na kata mkononi akiona ni nani atakayeilipia.

"Mama," nikasema, "ulitusamehe?"

"Wewe ulikuwa mtoto," akajibu.

Nikasubiri amtaje na Baba. Hakumtaja. Aliweka ungo chini na kuninyooshea mkono nimwinue, kwa sababu mgongo wake, siku hizo, ulikuwa hauinuki wenyewe.