Beseni la Shangazi Tausi

Juzi hapa Gungu niliona banda la kuku la jirani limelowa chapachapa, linanuka kama dagaa waliooza, nikamkumbuka shangazi Tausi wa Ujiji. Nilipokuwa mtoto, bibi yangu Nyamizi, mama yake shangazi, aliweka maji kwenye kigae nje ya banda lake, kuku wakatoa shingo kati ya fito na kunywa. Mimi nilidhani anawaadhibu.

Shangazi akacheka: "Mama, kuku wangu si wafungwa!" Akaingiza beseni la maji ndani ya banda lake, kuku wakalikanyaga na kuyamwaga mpaka sakafu ikawa matope.

Upepo wa ziwani ulipoanza, vifaranga wake wote, mali yake yote ile, walikuwa wamelowa na kulala ubavu. Nikadhani wamesinzia. Shangazi akalia kwamba amelogwa.

Bibi hakuinua hata kichwa. "Mchawi gani apoteze dawa kwako, Tausi? Akuonee wivu wa nini, matope?"